Mabango ya mjini: mnaprinti yasomwe au yapambe ukuta?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Hawa watu wa kuprinti fleksi, yaani mabango ya turubai la plastiki, nani kawaruhusu kuvuta herufi?

Neno fupi halijazi nafasi, analishika kwa mausi na kulivuta. Mistari iliyosimama inanenepa, iliyolala inabaki vilevile, herufi inapoteza umbo lake. Neno refu analibana hadi herufi zinagusana. Hapo bado hajaongeza kivuli, mng'ao na maua nyuma ya maandishi.

Juzi usiku tumempeleka mama mkwe hospitali moja ya binafsi hapa Dar, kifua kimembana. Getini kuna bango kubwa kwelikweli, karibu lote ni picha za madaktari wanaotabasamu. Neno DHARURA lipo chini kabisa, jekundu juu ya buluu, limesukumwa kando ya namba za simu. Nyekundu kwenye giza inaonekana kama nyeusi, na buluu iliyokolea nayo ni giza tupu, sasa nani ataliona? Tukaishia mlango wa maabara, umefungwa. Mgonjwa anahema, sisi tunazunguka uani kutafuta mlango! Mtu anaweza kufia hapo kwa sababu ya bango.

Na msiniambie ni ufukara. Daladala zetu zina mkanda wa rangi ubavuni na jina la njia mbele kwa herufi nene, K/KOO, G/MBOTO, unaisoma ikiwa bado mbali na kituo. Mafundi waliochora kwa brashi walikuwa wanapiga kwanza mstari wa chaki, wanapima nafasi ya kila herufi kabla ya kugusa rangi.

Wenzetu Uingereza walilichukulia jambo hili kwa uzito. Barabara ya mchepuo ya Preston, ya kwanza ya mwendo kasi nchini humo, ilipofunguliwa mwaka 1958, wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert walishachora herufi maalumu kwa vibao vyake, herufi kubwa mwanzo wa neno kisha ndogo, zenye nafasi ya kutosha, maana dereva anasoma huku gari linakwenda. Kuanzia 1965 vibao vya barabara za kawaida navyo vikabadilishwa nchi nzima.



Mwenye hospitali, kabla hujalipia bango, vuka barabara usiku ujaribu kulisoma. Likikushinda, mrudishie aliyeliprinti alirudie kwa gharama yake.