Ukoo wa Babu Feruzi (Ujiji, Bagamoyo, Buyenzi)

ALHAMISI

[06:11] Ma Mdogo Mwanza: 🌹 Asubuhi njema wapendwa, Mungu awafungulie milango ya riziki 🌹 vitenge vipya vimeingia kutoka Kongo, karibuni inboksi

[19:02] Da Zai Mbagala: Assalam aleikum wanaukoo. Nimeuliza tangu Jumapili, humu ndani tupo watu thelathini na nane na nimejibiwa na wawili. Narudia. Kila tawi liniandikie majina kuanzia wewe mwenyewe kwenda juu, baba, babu, baba wa babu, na kina mama pia sio wanaume tu. Mwisho Jumamosi, fundi wa bango la mti wa ukoo anayasubiri ili lichapwe kabla ya hitma

[19:04] Da Zai Mbagala: Jamani kitambulisho kinaishia jina la tatu. Mwanangu ana jina lake, la baba yake, la babu yake, basi. Yeye akizaa la babu linadondoka. Babu Feruzi alishadondoka kwenye karatasi zetu wote, amebaki kwenye jina la hili grupu tu

[19:31] Dogo Kibirizi: Dada mimi niandike watoto wote au wale waliokwisha tangazwa 😂

[19:32] Dogo Kibirizi: Utani dada usinitoe

[19:40] Da Zai Mbagala: Andika wote, mtoto ni mtoto.

[20:15] Binamu Buyenzi: Salamu kutoka Bujumbura. Sisi huku Buyenzi tunajua mpaka mama yetu mkubwa alivyotoka Ujiji kuolewa huku. Juu ya hapo tunaambiwa tu sisi ni Wamanyema wa Kongo, basi. Nitaandika yale ninajua.

[20:18] Da Zai Mbagala: Ahsante binamu, wewe ni wa tatu kujibu na upo nchi nyingine, walio Temeke hapa wananyamaza

[21:50] Kaka Toronto: Kwani tusipime DNA? Huku unatema mate kwenye kichupa unapeleka posta wiki chache unaletewa majibu

[21:53] Dogo Kibirizi: Kaka mate yenyewe mpaka yafike huko si yamekauka 😂😂

[21:54] Dogo Kibirizi: na wakisema mimi ni Mturuki nitadai urithi

[22:01] Da Zai Mbagala: Kichupa kitakwambia Kongo. Hilo tunalijua. Hakitakwambia alikuwa mtoto wa nani wala kwa nini alitoka Bagamoyo akarudi Ujiji. Hayo anayajua mtu mmoja tu duniani, Bibi binti yake, na yuko Ujiji ana miaka tisini na nane, ndiyo maana napiga kelele

IJUMAA

[07:20] Ma Mdogo Mwanza: Ijumaa Karim 🌙

[08:05] Da Zai Mbagala: Kuhusu umri wa Bibi kuna aliyeniuliza pembeni nimejuaje. Mwenyewe anasema alizaliwa mwaka meli ya Liemba iliporudi majini.

[08:09] Dogo Kibirizi: Hiyo ni 1927 haina ubishi, sisi wa ziwani hiyo tunaijua kama jina la mama. Mjerumani aliizamisha mwenyewe 1916 Mwingereza asiipate, ikaibuliwa 1924, ikaanza tena kubeba watu 1927

[08:12] Da Zai Mbagala: Umeona, ukiacha utani unasaidia

[08:40] Da Zai Mbagala: Sasa naleta jambo zito na naomba tulisome taratibu. Idi iliyopita nilikwenda kwa Anko Bagamoyo, akanionyesha ile karatasi ya Kijerumani anayoihifadhi ndani ya msahafu. Alinipa ruhusa nikapiga picha. Nimempelekea mtu anayefundisha Kijerumani kanisomea

[08:41] Da Zai Mbagala: 📷 Picha

[08:47] Da Zai Mbagala: Juu imeandikwa Freibrief. Maana yake barua ya uhuru. Jina Ferusi, kwao Wajerumani s hiyo ni z. Kabila Manyema. Muhuri wa Bagamojo, 1909. Sio karatasi ya kazi. Sio cheti cha upagazi kama tulivyoambiwa tangu wadogo. Ni barua ya kumwacha huru mtu aliyekuwa mtumwa

[08:47] Da Zai Mbagala: Serikali ya Mjerumani haikuufuta utumwa, ilikuwa inatoa hizi barua mmoja mmoja, mtu akijikomboa kwa fedha yake au bwana wake akimwacha. Mwaka 1904 wakatoa amri kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru, lakini wazazi wao wakabaki vilevile. Kufutwa kabisa Tanganyika ni 1922 chini ya Mwingereza. Fikirieni, Bibi yetu amezaliwa miaka mitano tu baadaye, na huyo ni mtu ambaye tumekula naye ugali sahani moja

[08:50] Dogo Kibirizi: 😮

[09:30] Kaka Toronto: Aisee

[11:15] Binamu Buyenzi: Hata jina Feruzi. Ni lile jiwe la buluu ya kijani linavaliwa kwenye pete. Wazee huku wanasema majina ya Feruzi, Almasi, Mabruki, watu walipewa na waliowanunua. Mama yako hakuiti jiwe.

[13:58] Anko Bagamoyo: Zai nilikupa upige picha usome wewe. Sikukwambia uiweke hadharani

[14:02] Da Zai Mbagala: Shikamoo Anko. Nisamehe kama nimevuka mpaka. Lakini Anko hapa sio hadharani, hapa ni kwao Babu Feruzi

[14:06] Shangazi Tabora: Acha mtoto aseme. Miaka yote hiyo karatasi ipo ndani ya msahafu wenu na mnajua ni nini

[14:07] Anko Bagamoyo: Hatukujua. Nani hapa alisoma Kijerumani?

[14:09] Shangazi Tabora: Baba yako alisoma. Alikuwa akitusomea hata maandishi ya kwenye kengele ya misheni

[14:15] Shangazi Tabora: Ujumbe huu ulifutwa

[14:16] Dogo Kibirizi: Shangazi umefuta nini nilikuwa naandaa miwani

[14:20] Shangazi Tabora: Naandika tena bila hasira. Mwaka 79 nilipoposwa na kaka yako mlikataa. Mlituma mtu aje mpaka Tabora kumwambia marehemu baba kwamba nyinyi hamchukui mke kwa watu wa mnyororo. Baba yangu alitoka nje akakaa chini ya mti mpaka magharibi. Mtoto wa Feruzi anaambiwa hivyo na wajukuu wa Feruzi. Na karatasi mnayo!

[14:22] Da Zai Mbagala: Jamani

[14:35] Anko Bagamoyo: Mimi mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa sikuwa na kauli. Lakini kama tunafungua basi tufungue yote. Babu yenu huyo alimwacha bibi yetu Bagamoyo na watoto watatu, mdogo yuko mgongoni, akapanda gari moshi akaenda zake Ujiji akaoa mwingine. Hakurudi, hakuleta hata salamu. Bibi yetu alisuka ukili mpaka vidole vikapinda. Sisi tumekua tunasikia kwamba babu alitukimbia. Hilo nalo mliandike kwenye bango

[14:36] Dogo Kibirizi: Bango litabidi liwe refu kama uwanja

[14:36] Da Zai Mbagala: Dogo tafadhali. Sio sasa

[14:50] Shangazi Tabora: Na sanduku la Babu mlilichukua kwenye msiba.

[14:52] Anko Bagamoyo: Sanduku tulipewa

[14:53] Shangazi Tabora: Mlipewa na nani? Kama mlipewa mbona ufunguo ninao mimi

[14:53] Kaka Toronto: Subirini, sanduku halijawahi kufunguliwa tangu Babu afariki???

[14:58] Binamu Buyenzi: Babu alikufa wakati wa vita ya Hitler. Ni miaka mingi sana.

[15:30] Da Zai Mbagala: Naomba tupumzike kidogo. Hoja yangu bado ni moja. Tumwendee Bibi Desemba, watu wachache tu, tumsikilize siku tatu nne, tumrekodi. Mchango elfu hamsini kila kaya. Mpaka sasa wametoa kaya nne. Nyaraka za Taifa Upanga kuna mafaili ya Mjerumani, nimepanga kwenda kuuliza hayo ya Bagamoyo, lakini faili halina sauti ya mtu

[15:34] Ma Mdogo Mwanza: Amina 🙏

[15:35] Da Zai Mbagala: Amina ya nini ma mdogo, mchango?

JUMAMOSI

[10:12] Dogo Kibirizi: Nikumbusheni kitu, kwa nini Babu alikuwa hali embe? Maana mpaka leo kwetu mtu akisusa chakula anaambiwa unafanya Babu Feruzi. Ujiji nzima imejaa miembe mtu anakataa embe 😂

[10:14] Kaka Toronto: Labda alikuwa na mzio

[10:15] Dogo Kibirizi: au alilishwa mbichi utotoni 😂😂

[10:20] Da Zai Mbagala: Mariamu upo hapo na Bibi? Msomee tuliyoandika jana na leo. Yote. Usimfiche

[12:47] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): Salaam. Nimemsomea Bibi taratibu. Akanyamaza kwa muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Nikamrekodi lakini sauti iko chini na kuna majogoo, kwa hiyo naandika kama alivyosema, sijaongeza neno.

[12:58] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): "Wajukuu zangu na watoto wa kaka zangu. Baba hakutoka Manyema kwa miguu yake kupenda. Alichukuliwa Nyangwe, siku ya soko, yeye na mama yake, ule mto mkubwa Lualaba unaonekana. Alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Wakavushwa ziwa wakafika hapa Ujiji. Hapa hapa. Wakalazwa chini ya miembe kusubiri safari ya pwani. Mama yake akaugua, hawezi kunyanyuka. Msafara ulipoondoka walimwacha pale chini ya mwembe na mtoto wakaondoka naye. Alikuwa na embe mkononi, mama yake ndiye aliyempa. Ndiyo hiyo sababu mnayocheka."

[13:04] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): "Pwani akakaa miaka, akabeba mizigo, akaweka rupia mojamoja, akajikomboa mwenyewe, hakuna aliyemwacha kwa hisani. Akaoa, akazaa. Reli ilipofika Kigoma akasikia sasa unaweza kufika Ujiji bila kutembea. Akapanda. Hakumkimbia mke, wewe mtoto wa Bagamoyo nisikilize. Alirudi kumtafuta mama yake. Alikwenda mwembe kwa mwembe anauliza watu. Hakumpata, wala kaburi. Akashindwa kuondoka tena. Alikosea kutowaita wale watoto, na alilijua, lilimla mpaka anakufa. Lakini hakukimbia."

[13:09] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): "Na Feruzi msiiweke juu kabisa ya huo mti wenu. Hilo ni jina la kununuliwa. Juu muweke mama yake. Mtaniuliza anaitwa nani. Nilimuuliza baba hivyohivyo. Akanijibu, mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa namwita Mama."

[13:10] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): Amesema basi kwa leo, amechoka.

[14:40] Dogo Kibirizi: Bibi nisamehe. Wallahi sikujua.

[14:41] Dogo Kibirizi: Nimetoka nje nimeuona ule mwembe wa karibu na kwa Mzee wa mashua nimeshindwa kupita chini yake

[15:02] Binamu Buyenzi: Nimelia hapa dukani mbele ya wateja. Sisi tuko wa mtoto wa kike wa Babu, mtuweke karibu na huyo mama.

[15:20] Kaka Toronto: Nimesoma mara tatu. Livingstone aliandika kuhusu soko la Nyangwe, watu walivyopigwa risasi tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho yake. Sisemi ndiyo siku hiyohiyo, Babu pengine alikuwa bado hajazaliwa. Lakini soko ni lile na mto ni ule. Natuma mchango wangu na wa kaya mbili zisizoweza

[18:33] Da Zai Mbagala: Sijui niandike nini. Kwa mara ya kwanza sina cha kuwakumbusha.

[20:05] Anko Bagamoyo: Shangazi wa Ujiji shikamoo. Nimesikia. Bibi yetu alikufa anajua amekimbiwa, hakuna wa kwenda kumwambia sasa

[20:19] Bibi Ujiji (simu ya Mariamu): Bibi anasema marahaba, na anasema uje na watoto wako awaone.

[20:44] Anko Bagamoyo: Sanduku ni zito, la mvule. Kwenye basi watalivunja

[20:51] Shangazi Tabora: Treni inapita Tabora. Mtanikuta stesheni na ufunguo. Sijasema nimesamehe ya 79. Nimesema nakuja na ufunguo

[20:52] Da Zai Mbagala: Shangazi hiyo inatosha kabisa. Sasa tarehe. Watu wa shule wanataka tarehe 13 Desemba, kina Anko walisema baada ya tarehe 25. Anko ipi?

[21:30] Da Zai Mbagala: Anko?

[22:10] Da Zai Mbagala: Na nani atakaa na Anko kwenye behewa, siku mbili njiani na sanduku, hawezi peke yake

[22:12] Dogo Kibirizi: Mimi nitawapokea Kigoma na gari la kubebea, hela ya mafuta ninayo

JUMAPILI

[06:09] Ma Mdogo Mwanza: Jamani nilikuwa sina bando nimekuta meseji nyingi nikajua msiba. Nasoma toka alfajiri. Nimetuma laki moja, Zai angalia kwenye simu. Na mimi naomba kwenda kwenye hiyo safari, nataka kumshika Bibi mkono

[08:15] Da Zai Mbagala: Imefika ma mdogo, ahsante sana sana. Kaya kumi na moja sasa

[08:17] Da Zai Mbagala: Fundi wa bango kanipigia, anasema kwenye mstari wa juu kabisa hawezi kuacha wazi, bango litaonekana limekosewa. Anauliza aandike nini. Mimi nilifikiri tuandike "Mama", basi. Binamu anasema tuandike "Mama wa Nyangwe". Semeni, ananisubiri mpaka saa kumi

[09:50] Kaka Toronto: Mama wa Nyangwe

[11:26] Shangazi Tabora: Mama tu. Kama alivyomwita mwanawe

[16:05] Da Zai Mbagala: Saa kumi imepita. Anko hujasema, wala tarehe hujasema. Nimemwambia fundi asichape kwanza