Kamera na miksa ya ukumbi: HDMI ndefu, SDI au kila kitu kwenye swichi? (Dodoma)

Mzee_wa_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Tuna ukumbi wa kanisa huku Nkuhungu, Jumapili ibada, Jumamosi tunakodisha kwa sendofu. Kamati imenitupia mimi kazi ya mitambo eti kwa sababu niliwahi kutengeneza redio za watu 😂. Toka madhabahuni mpaka mezani kwa fundi ni kama mita 35. Fundi wa kwanza kasema tuvute HDMI basi, wa pili SDI, wa tatu kijana kanichanganya kabisa, anataka kamera, miksa na projekta vyote vipite swichi moja ya mtandao kwa waya wa Cat6. Naanza na kipi bila kuunguza mali ya waumini?

fundi_makole
HDMI mita 35 sahau mzee, ile ya kawaida ikipita mita 15 hivi picha inaanza kukatikakatika, labda ya faiba nayo ukiikunja vibaya umeiua. SDI, ile ya waya wa koaksia wa mitambo ya TV, ndo mkongwe, mita 35 kwake ni mchezo, haina paswedi wala IP, unachomeka picha inakuja. Ubaya wake kila kamera waya wake, umeme wake, na ukitaka kuizungusha na rimoti ni waya mwingine tena.

binti_wa_Kisasa
Mi nipo na kijana wa tatu. Kamera ya PoE, yaani inayokula umeme kupitia waya wa mtandao, waya mmoja unabeba picha, umeme na kuizungusha, mwisho mita 100. Ila hesabu ya swichi ifanyike kabla ya kwenda dukani, NDI (njia ya kupitisha video kwenye mtandao) ile kamili ya 1080p60 kamera moja inakula zaidi ya Mbps 100 kwahiyo zile swichi za Mbps 100 hata kamera moja hazibebi, chukua ya gigabiti. NDI HX, ile iliyobanwa zaidi, inakula kidogo sana ila inachelewa, utaona kwenye skrini mpiga dramu fimbo inatua wakati mlio ulishapita zamani.

fundi_makole
Mwambie na habari ya matundu!! Miksa nyingine zina tundu linafanana kabisa na la mtandao kumbe ni AES50, njia ya sauti ya miksa zenyewe, na visanduku vya HDBaseT vya kurefusha HDMI kwa Cat6 hivyo hivyo. Hayo hayaendi kwenye swichi, ni kifaa kwa kifaa. Na injekta za PoE (vile vya kuingizia umeme kwenye waya wa mtandao) za bei chee zinasukuma umeme bila kuuliza, kuna fundi mmoja kaunguza tundu la miksa hivyo. Haya, ni mimi.

Kibaigwa_kwetu
Hamjagusa usalama bado. Sisi projekta ilikuwa kwenye waifai ya wageni, bi harusi anaingia, mara goli la Simba na Yanga likatokea ukutani toka simu ya mtu, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sote tulicheka kasoro mama wa bi harusi. Mitambo iwe na swichi yake, waifai ya wageni isiifikie kabisa. Ile paswedi ya kiwandani, admin/admin, ibadilishwe siku hiyo hiyo unafungua boksi, 2016 kirusi cha Mirai kiliteka makamera na DVR kibao duniani kwa paswedi za kiwandani tu. Na usifungue poti kwenye ruta ati uchungulie kamera ukiwa nyumbani.

Mzee_wa_Nkuhungu
Aisee. Na sauti je? Halafu mchungaji anataka aone ibada toka nyumbani kwake, ni hapo nyuma ya kanisa, nivute Cat6 kwa nje?

binti_wa_Kisasa
Sauti ukiipitisha kwa Dante, yaani sauti kupitia mtandao, zima ile ya kubana umeme kwenye swichi, inaitwa EEE, la sivyo inakata ovyo. Na isipite waifai. Ila kwa kuanza ungeiacha kwanza.

fundi_makole
Usivute shaba kati ya nyumba mbili mzee, radi za Januari unazijua mwenyewe. Weka faiba.

Mzee_wa_Nkuhungu
Basi naanza na kamera moja ya PoE na swichi yake, sauti ibaki kwenye nyoka yake ya zamani, ule waya mnene wa maiki. Mchungaji nitaongea naye taratibu. Ila mmenitia hofu, nyuma ya miksa yetu kuna matundu mawili ya namna hiyo, na moja lina waya tayari...

fundi_makole
Mzee usiguse. Piga picha uweke hapa kwanza.