Nimepewa kazi ya kuandika maoni nikijifanya mkazi wa mji wa Marekani, kupinga kodi ya mauzo ya nyumba. Naombeni ushauri

Binti_Tandika

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanishauri.

Naishi Tandika, chuo nimemaliza, ajira bado. Kinachoniweka mjini ni kazi za mtandaoni: natafsiri, nasikiliza sauti na kuziandika, wakati mwingine makala za bidhaa. Aliyeniingiza huku ni kaka yangu wa tumbo moja, na wiki hii ameniletea kazi mpya. Mteja anatafuta watu wenye Kiingereza kizuri wamwandikie maoni ya kuweka Facebook na kwenye kurasa za magazeti, pamoja na barua pepe za kuwatumia madiwani wa mji mmoja wa Marekani. Mji huo unataka kumtoza kodi anayeuza jengo la bei kubwa. Maoni yote yanatakiwa yaipinge.

Nimetumiwa jedwali. Kila mstari una jina, umri, mtaa, na safu imeandikwa "hisia". Mstari wangu wa kwanza ni mjane wa miaka 68. Hisia: hofu. Natakiwa kuandika kwamba nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ndiyo akiba yake pekee, na kodi hii itamtoa mjini. Wa pili ni dereva wa lori mwenye watoto wawili. Hisia: hasira. Chini kuna maelekezo: usirudie sentensi, weka kosa dogo la kuandika hapa na pale ili ionekane ni mtu wa kawaida, usitaje kampuni yoyote, usitaje bei ambayo kodi inaanzia.

Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Kwa nini nisitaje? Nikaingia kwenye tovuti ya mji wenyewe nikasoma. Kodi inaanzia kwenye majengo ya mamilioni ya dola. Nyumba ya huyo mjane, kwa walivyoieleza wenyewe, haifiki hata nusu. Na fedha itakayopatikana imepangiwa kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini na kuwasaidia wapangaji wanaokaribia kutolewa vyombo nje.

Malipo ni dola 2 kwa kila oni. Kwangu mimi hiyo ni hela. Baba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo na mwezi unaisha. Kaka anasema ni maneno tu, wa huko hatuwajui na wao hawatujui. Mimi roho inasita, sijaandika hata moja, na mteja anataka jibu kesho kutwa.

Hii ni kazi kama kazi nyingine? Na nikikataa, nimwambieje kaka bila kumvunjia heshima? Yeye ndiye alinishika mkono nilipokuwa sina kitu.

---

Mwana_Jangwani

Piga kazi mdogo wangu. Hujaiba, hujamtapeli mtu. Njaa ya Tandika huko Marekani haijulikani. Lipa kodi yako, mengine utayafikiria ukiwa ndani ya chumba chako.

---

Karani_wa_Hati

Binti, nimeshinda miaka mingi kwenye kazi ya kuhamisha umiliki wa viwanja na nyumba hapa Dar, kwa hiyo niruhusu nieleze kidogo. Ukielewa kodi yenyewe utaelewa kwa nini wamekukataza kutaja bei.

Hapa kwetu mkazi akiuza nyumba kwa faida, TRA wanachukua asilimia 10 ya faida hiyo. Kuna na ushuru wa stempu, asilimia 1. Lakini sheria imemwangalia mtu mdogo: nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 au zaidi, na faida yako haizidi shilingi milioni 15, kodi hiyo ya faida haikuhusu. Wengi hawalijui hili. Nimekutana na wazee wanaogopa kuuza kibanda cha Buza wakidhani serikali itachukua nusu. Wengine wameshalipa "asilimia 10 ya mtaa", ile inayodaiwa na ofisi ya mtaa mnapoandikishiana mauziano, wakaamini hiyo ndiyo kodi ya serikali, wakati ni kitu kingine kabisa.

Sasa chukua mtu mwenye jengo la ghorofa Masaki anayetaka kodi ifutwe. Hatasimama yeye mbele ya watu, kwa sababu nani atamhurumia? Atamsimamisha bibi wa Buza, ambaye msamaha wa sheria tayari unamlinda. Na ili bibi aogope, lazima asijue kiwango kinaanzia wapi. Ukitaja bei, hofu yote inakwisha hapo hapo. Jedwali lako limepangwa na mtu anayeijua kodi hiyo vizuri sana.

---

Mbeba_Boksi_Chicago

Nipo Chicago, Southside, huu ni mwaka wa ngapi sijui. Mwezi Machi 2024 tulipiga kura ya kodi ya namna hii hii. Mpango ulikuwa kuongeza kodi ya uhamisho kwenye sehemu ya bei inayozidi dola milioni 1, na nyumba za chini ya hapo zipunguziwe, kutoka asilimia 0.75 hadi 0.6. Fedha ingekwenda kwa wasio na makazi. Maana yake anayenunua nyumba ya kawaida angelipa pungufu ya anavyolipa sasa.

Ilishindwa. Chama cha wenye majengo makubwa kiliipinga waziwazi, mpaka mahakamani kikaenda ili kura isifanyike. Sina ugomvi na hilo, walijitaja wao ni nani na hoja zao zikajibiwa. Kinachoniuma ni mazungumzo ya kazini siku zile. Mwenzangu mmoja wa zamu ya usiku, amepanga chumba kimoja, hana hata tofali, alikuwa anaogopa hiyo kodi kuliko mtu yeyote. Nikamuuliza umesikia wapi? Kwenye simu, watu wanaandika. Watu gani? Hajui.

Dada, hao "watu" ndio wewe unayetafutwa.

---

Mdau_Mbezi

Naomba nipingane kidogo. Mnazungumza kama vile kila anayepinga kodi hii amenunuliwa. Los Angeles walipitisha yao Novemba 2022 ikaanza Aprili 2023: asilimia 4 kwa mauzo yanayozidi dola milioni 5, asilimia 5.5 kuanzia milioni 10. Wakaiita kodi ya majumba ya kifahari, lakini inakamata hata majengo ya wapangaji, maduka na viwanja vya kujengea. Wapo wachumi wanaosema mauzo ya majengo makubwa yamepungua na ujenzi wa nyumba mpya unaumia, na hao si vibaraka wa mtu. Mimi mwenyewe ningeishi kule huenda ningeipinga.

---

Mbeba_Boksi_Chicago

Mdau, hapo tuko pamoja. Hoja yako ina miguu, na umeisimamisha kwa viwango na tarehe. Basi wenye majengo waje na hoja hiyo hiyo. Wana wachumi, wana mawakili, wana fedha za matangazo. Ya nini kumtafuta binti wa Tandika ajifanye mjane?

---

Wakili_Kijana

Naongeza upande wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sisemi polisi watakuja Tandika kesho. Nasema jina lililosajiliwa kwenye laini na kwenye akaunti ya malipo ni lako. Mteja hana jina popote.

Na msidhani mambo haya hayachunguzwi. Mwaka 2017 serikali ya Marekani iliomba maoni ya wananchi kuhusu kanuni za intaneti, yakaingia zaidi ya milioni 22. Mwanasheria mkuu wa jimbo la New York akachunguza, na Mei 2021 akatoa ripoti: karibu milioni 18 yalikuwa ya bandia. Milioni 8.5 yalitoka kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni za intaneti, kwa kutumia majina ya watu ambao hawakuridhia. Upande wa pili wa mjadala nako, kijana mmoja wa chuo aliingiza peke yake zaidi ya milioni 7 kwa majina ya kubuni. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwananchi aliyekaa usiku akaandika barua yake kwa mkono wake. Nani ataisoma?

Hata waliokodi watu wa kukaa ukumbini walijulikana. New Orleans, mwaka 2017, waigizaji walilipwa dola 60 wavae fulana na kukaa kwenye kikao cha baraza la jiji kuunga mkono mtambo wa umeme wa gesi. Aliyesimama kuzungumza alilipwa 200. Baadaye baraza likaipiga kampuni ya umeme, Entergy New Orleans, faini ya dola milioni 5. Kampuni ilisema aliyewaleta ni mkandarasi wake, haikujua. Angalia jinsi lawama zinavyoteremka, binti. Zikiendelea kuteremka zinamfikia nani?

---

Mwana_Jangwani

Wakili hapo umeniingia. Hilo la laini sikulifikiria.

---

Mama_Kigamboni

Mwanangu, mimi si mtu wa kuandika sana humu, huwa nasoma tu. Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya huyo mjane wako wa mstari wa kwanza.

Mimi ni mjane. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikaa kikao cha ukoo kuhusu nyumba. Niliambiwa nikae ndani na wanawake wenzangu kwa kuwa bado niko kwenye majonzi. Kutoka chumbani nikamsikia shemeji yangu mkubwa akisema, "Shemeji tumeshaongea naye, amekubali." Hakuna aliyeongea na mimi. Aliisema kwa sauti ya huruma kabisa, eti nimechoka, nataka nyumba iuzwe nikapumzike kwa watoto. Wazee wote wakaitikia. Nilipotoka kusema sivyo, wakanitazama kama niliyechanganyikiwa, kwa sababu maneno yangu walikuwa wameshayasikia, tena kwa utaratibu mzuri kuliko nilivyoweza kuyasema mimi nikilia. Ilinichukua mahakama ya mwanzo na muda mrefu kuirudisha sauti yangu mdomoni mwangu.

Huko kwenye huo mji wajane wapo. Wengine ni wapangaji, wanaiombea hiyo kodi ipite ili wasitolewe nje. Wengine huenda wanaipinga kwa sababu zao. Siku wakienda kwa diwani wao watamkuta amekwisha kumsikia "mjane", na huyo mjane ni wewe. Usimfanyie mwanamke mwenzio hivyo kwa dola 2.

Na kaka yako mwambie kwa upole. Anza na shukrani, kwa sababu kweli alikushika mkono. Kisha mwonyeshe hilo jedwali, lile la hisia, mkae mlisome pamoja. Huenda hajalisoma. Wanaume wetu wakiona hela ya kodi ya chumba mara nyingi hawafungui kiambatanisho.

---

Binti_Tandika

Shikamoo mama. Nimesoma uliyoandika nikashindwa kujibu hapo hapo.

Nimemwonyesha kaka. Ni kweli hakuwa amelifungua, aliona dau tu. Alilisoma akanyamaza, akasema mwandikie mteja kwamba hatufanyi, na yeye pia hafanyi. Kisha akauliza, na kodi ya chumba je? Nimemwandikia mteja kwamba niko tayari kuandika makala inayotaja kiwango cha kodi, inayosema nani anailipa, na yenye jina la kampuni inayoilipia makala hiyo, iwe ya kupinga au ya kuunga mkono. Hajajibu, na sidhani kama atajibu. Jedwali nimelihifadhi, sijalifuta. Wakili, nifanye nalo nini? Wale madiwani anwani zao zimo humo humo.

---

Wakili_Kijana

Usiliweke hapa wala usilisambaze, kuna majina ambayo huenda ni ya watu halisi. Nitumie PM. Anwani za madiwani ziko wazi kwenye tovuti ya mji, na karani wa baraza la jiji ana barua pepe ya umma. Tutaandika barua fupi: umepewa nini, lini, umekataa, na nakala ya jedwali. Bila maneno makali, na bila kumtaja mtu tusiyeweza kumthibitisha. Jina lako tutaamua pamoja kama liwepo.

---

Mama_Kigamboni

Marahaba mwanangu. Mungu akupe.

---

Karani_wa_Hati

Kuhusu kodi ya chumba: ofisini kwetu kuna mikataba ya mauziano na barua za mirathi zinazohitaji kutafsiriwa kwenda Kiingereza kwa ajili ya wateja walioko nje. Tunalipa kwa ukurasa. Si hela ya haraka kama ile, lakini ipo kila mwezi. Na baba mwenye nyumba mwombe akupokee miezi 3 kwanza, wengi wanakubali ukienda na nusu mkononi. Nitumie PM na sampuli ya kazi uliyowahi kutafsiri, kesho kabla ya saa sita mchana, nimwonyeshe bosi kabla hajaenda Kibaha.