Flaiwili nyepesi ya Subaru WRX: kromoli au alumini?

Wakuu, naomba ushauri. Nina Impreza WRX yenye injini ya EJ20 turbo, gia za mkono. Klachi imeanza kuteleza, na kwa kuwa gia boksi lazima ishushwe, nataka niweke na flaiwili nyepesi (lile gurudumu la nyuma ya injini ambalo klachi hulibana) hapo hapo.

Ya alumini inapandisha raundi za injini haraka zaidi, lakini uso unaosuguana na klachi ni bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu. Hilo linanitia wasiwasi, maana gari ni la kazini kila siku na foleni ya Ubungo mnaijua. Nahisi kromoli (chuma kigumu chenye kromiamu na molibdeni) inanifaa zaidi.

Aliyefunga mojawapo kwenye EJ20 anisaidie: saileni (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) inatulia? Inazimika ukiondoka taratibu? Na kupanda mlima Kitonga na abiria wanne, nguvu haikatiki ukibadilisha gia?