Nyamasaria hadi mjini Kisumu: gari, matatu, baiskeli au miguu?

JiraniMpya: Wadau, ni kama kilomita 5, asubuhi na jioni. Gari lipo. Mnaoliacha nyumbani, mnaliacha kwa nini?

SpokiMoja: Baiskeli. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika 20, foleni iwepo isiwepo, na hutafuti pa kuegesha. Tena upepo uko upande wako: asubuhi huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, alasiri hugeuka, kwa hiyo unasukumwa kwenda na kurudi. Wa Riat wasinisikilize. Mlima ule haupandwi kwa gia moja.

KondaWaZamani: Matatu. Usipande gari tupu stejini, litakaa hadi lijae. Simama mbele kidogo, usubiri lenye nafasi moja. Uliza nauli kabla hujaingia, hasa mvua ikinusa.

JiraniMpya: @SpokiMoja na pancha je?

FunguoKumiNaTano: Pancha nyingi si misumari, ni upepo mdogo ndani ya tairi. Toa tyubu uikague. Matundu mawili sambamba maana yake ilibanwa kati ya tairi na rimu ulipogonga shimo. Tairi nyingi pana za inchi 26 zinataka psi (kipimo cha upepo wa tairi) 40 hadi 50. Kiwango kimeandikwa ubavuni. Tundu moja ni mwiba au waya, na mara nyingi bado umo ndani ya tairi, kwa hiyo papasa kwa kitambaa kabla hujaweka tyubu nyingine. Kubandika: sugua kwa msasa, paka solushoni, ngoja dakika 5 ikauke, ndipo ukandamize kiraka. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio hao wa kurudi kesho.

Cheni nayo: pima inchi 12 kutoka pini hadi pini. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi badilisha, ukingoja 1/8 utanunua na friwili (meno ya gurudumu la nyuma).

NyalendaB: Mmesahau udongo mweusi. Machi hadi Mei unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo ni gambuti hadi kwenye lami, viatu vya kazini ndani ya mfuko, kisha matatu.

SpokiMoja: Kweli kabisa. Gari nalo liwekee siku za mgonjwa au magunia. Na @JiraniMpya, jioni ukirudi, madereva wanaokuja mbele yako kutoka Ahero wana jua usoni, hawakuoni wanapo-ovateki. Vaa rifleketa hata kabla ya giza.