Naomba ushauri: tumuenzi vipi mzee wetu mshona kofia?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mtaani kwetu Mkomani, Lamu, tumefiwa na mzee aliyekuwa akishona kofia kwa mkono kwenye daka la nyumba yake kila siku baada ya sala ya alasiri, na ambaye hakumwacha mtoto yeyote atokaye chuoni apite bila kumuuliza amefika sura gani. Sindano yake bado imechomekwa kwenye kofia aliyoifikisha nusu. Mjane wake hataki iguswe.

Khitma imeshasomwa. Sasa vijana wanataka picha yake ichorwe ukutani, lakini wanawe wanaona haimstahiki mtu aliyekataa kupigwa picha maisha yake yote (hata ya kitambulisho ilikuwa vita), nami nakubaliana nao. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta zake za mawe ya matumbawe si za kupakwa rangi kiholela. Binafsi naelekea kwenye sadaka yenye kuendelea: tununue vitambaa, nyuzi na sindano, tuwalipe washonaji wawili waliobaki mtaani wawafundishe vijana, kwa kuwa kofia moja nzuri huchukua miezi na wengi hukata tamaa mapema.

Waliowahi kusimamia jambo kama hili, nishaurini: michango ishikwe na nani ili familia isibebeshwe lawama, na ile kofia imalizwe na mwanafunzi wake au iachwe ilivyo?