Nimesahihishwa sahihi ikawa kosa! Hii "comprised of" imenichosha

Wanajamvi, nina hasira, nivumilieni.

Mimi kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri, niko hapa Mwembe Tayari. Wiki jana ofisi moja, jina naliweka kando, ilinipa kijitabu cha watalii. Nikaandika "Mombasa County comprises six constituencies". Kikarudi na wino mwekundu: "is comprised of". Pembeni wameniandikia nikajifunze Kiingereza kwanza. Na malipo wameyashika hadi nirekebishe.

Nirekebishe nini? "Comprise" ni kuwa na vitu ndani yako. Kitu kizima ndicho kinachobeba vipande: kaunti ndiyo yenye Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ukianza na vipande, neno ni "compose": maeneo bunge hayo sita ndiyo yanayoiunda kaunti, basi kaunti "is composed of". Watu wameyachanganya mawili wakazua la tatu. Na nyinyi wa "comprises of", hiyo "of" ni ya "consists of", irudisheni kwa mwenyewe!

Najua mtaniletea kamusi. Merriam-Webster inaikubali "comprised of", na imeandikwa tangu karne ya 18. Lakini ugomvi wake haujaisha: Mmarekani Bryan Henderson, hadi kufikia 2015, alikuwa ameshaiondoa kwenye makala za Wikipedia zaidi ya mara 47,000. Ukiiandika kwako, sikugombezi. Ila kunifutia isiyo na ubishi, ukaniwekea yenye ubishi, kisha ukakalia pesa yangu? Hapana, wallahi.

Lililoniuma zaidi ni ukurasa wa Kiswahili. Niliandika "Kaunti ya Mombasa ina maeneo bunge sita". Wakafuta, wakaweka "inajumuishwa na maeneo bunge sita". Kwa maneno hayo, Likoni na wenzake ndio walioijumuisha kaunti! Hapa Mombasa, kwenye lugha yetu wenyewe! Muulize mama yeyote nyumba yake ikoje, atakwambia ina vyumba vitatu. Hatakwambia inajumuishwa na vyumba vitatu. "Ina". Herufi tatu tu, na mtu mzima amekaa ofisini akaziona hazitoshi.

Kurasa zote mbili nimewarudishia kama nilivyoziandika. Kama kuna aliyewahi kuzuiliwa malipo ya kazi aliyokwisha kuikabidhi, aniambie aliyadai vipi.